Maoni ya Mwalimu Hayakuhama

Mpaka leo mama yangu mzazi hajui nilikuwa nafanya kazi gani Kariakoo. Aliwaambia majirani zetu wa Buguruni kwamba mwanawe ni fundi wa kompyuta, na matokeo yake kila Jumapili nikawa naletewa redio mbovu na pasi za umeme zilizoungua. Nilichoka kueleza. Nilikuwa nasimamia vitabu ambavyo havishikiki kwa mkono, na mwaka ninaousimulia hapa nilikuwa navihamisha kutoka nyumba moja isiyoonekana kwenda nyingine isiyoonekana. Ukimwambia mtu hivyo anakutazama usoni aone kama una homa.

Mambo yalianza na soko huria. Vitabu vya shule vilipoacha kuwa kazi ya serikali peke yake, kila mwenye mashine ya kuchapia na mwalimu mmoja wa kumwandikia alijiita mchapishaji. Bosi wangu alikuwa Mhindu wa pale pale mjini. Familia yao ilikuwa inachapa kadi za harusi na vitabu vya risiti tangu enzi za babu yake. Yeye akaona mbali kidogo kuliko wenzake. Aliwakusanya wachapishaji wadogo, akavipandisha vitabu vyao kwenye tovuti moja, na maktaba za vyuo na shule zikawa zinajiunga ili wasomaji wao wavisome kwenye skrini. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la mapazia. Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa tovuti hiyo: maktaba ikishindwa kufungua kitabu inanipigia mimi, mchapishaji akitaka jalada jipya analeta kwangu.

Ila tovuti yenyewe haikukaa Sikukuu. Ilikaa kwenye mashine za kampuni moja ya Ulaya. Tulikuwa wapangaji tu, na mpangaji akiambiwa toka, anatoka.

Tukaambiwa toka. Mwaka ule huku kwetu kila kitu kilikuwa kinauzwa, viwanda, mahoteli, mabenki, nami kwa ujinga wangu nilidhani wenzetu wa Ulaya kazi yao ni kununua tu, wao wenyewe hawauzwi. Kumbe. Kampuni iliyotupangisha ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na huyo mnunuzi akatangaza kwamba jukwaa la zamani litazimwa na kila kitu kitahamia kwenye jukwaa lake jipya. Tarehe alishaipanga. Hatukuulizwa, tuliarifiwa.

Nina hasira za karibu, na miezi ile zilikuwa karibu zaidi. Vitabu vilianza kuvuka kwa majaribio na vikafika vimechanganyikiwa. Cha jiografia kilifika na jalada la kitabu cha upishi. Kimoja cha hadithi za watoto kilifika bila kurasa za mwisho, na mkutubi mmoja wa Mbeya akanipigia simu kuuliza kama sungura alikufa au alipona, maana watoto wamegoma kuondoka. Nikamsomea mwisho wa hadithi kwenye simu. Hayo yote yalikuwa usumbufu, lakini usumbufu wenye dawa. Unaandika barua pepe, unagomba, unasubiri, kinarekebishwa. Sikujua bado kwamba kuna lisilo na dawa.

Sasa nimwingize Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mzee mstaafu wa Magomeni, mtu wa pwani wa asili na wa nyumba ya dini. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja kwenye kafe ya intaneti iliyokuwa kwenye kona ya mtaa wetu, akakaa kwenye kompyuta ile ile ya ukutani, na kusoma vitabu vyetu. Chini ya kila ukurasa wa tovuti ya zamani palikuwa na nafasi ya wasomaji kuandika maoni. Watu wengi waliandika "kitabu kizuri" au waliomba majibu ya mtihani. Mwalimu alifafanua. Akikuta neno la kipwani ambalo vijana wa siku hizi hawalijui, alilieleza pale chini kwa utulivu, utadhani yupo darasani na amebakiwa na kipindi kizima. Na karibu kila ufafanuzi ulikuwa na shahidi wake: mkewe.

"Nimemwuliza mama watoto," aliandika. "Mama watoto anasema hapa mwandishi hajawahi kuingia jikoni." Au: "Mama watoto amenikatalia katakata, kwa hiyo nafuta niliyoandika jana."

Wasomaji walimpenda. Mtu yupo Songea, mwingine Bukoba, hawajawahi kukutana, lakini walianza kuuliza wenyewe: mama watoto anasemaje? Mimi niliyasoma maoni yale yote, kwa sababu katika kazi nzima hayo ndiyo yaliyonifurahisha. Siku nyingine Mwalimu alipanda ngazi zetu kutusalimia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akihema, kisha akasema leo amemwudhi mama watoto kwa kumwuliza mambo ya vitumbua wakati ana wageni.

Mama watoto mwenyewe alikuwa hajawahi kuyaona maoni hayo. Alikuwa anasoma msahafu vizuri sana, lakini herufi za kizungu hakufundishwa. Mumewe alikuwa akirudi nyumbani anamwambia, "Leo nimekutaja," naye anamjibu, "Umenitaja kwa lipi tena?" Mara nyingi alimwahidi kumleta Kariakoo akaone jina lake la mama watoto kwenye kioo, amsomee yote. Ikawa kesho, ikawa wiki ijayo, ikawa baada ya mfungo.

Mwalimu akafariki. Hakuumwa muda mrefu. Bosi na mimi tulikwenda msibani Magomeni. Bosi alivua viatu, akaketi mkekani na wanaume. Mimi niliingia ndani kwa wanawake, na hapo ndipo nilipomwona mama watoto kwa mara ya kwanza, mwanamke mdogo wa umbo, macho makavu, anawauliza watu kama wamekula.

Wiki chache baadaye mtoto wake wa kiume akapanda ngazi zetu. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, anauza vyombo vya plastiki mtaa wa nyuma. Mkononi alishika kikadi chetu cha uanachama, kile tulichompa baba yake cha kuingilia kwenye tovuti, chenye neno la siri limeandikwa kwa kalamu.

"Dada, marehemu alikuwa na amana yenu hii," alisema. "Nimeileta."

Nikamwambia si lazima, angebaki nacho kama kumbukumbu. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba tangu msiba uishe kazi yake imekuwa hiyo, kurudisha vitu vya watu vilivyobaki nyumbani kwa baba yake. Amerudisha ngazi ya jirani. Amerudisha vitabu vya maktaba. Kuna mwavuli mmoja amezunguka nao Magomeni yote na hajampata mwenyewe.

"Na hii akaunti yenu nayo nimemaliza," alisema. "Nimeingia mwenyewe pale kafe, nikaifunga kabisa. Sitaki mzee alale na kitu cha watu."

Alisema hivyo kwa unyenyekevu, na uso wake ulikuwa na nafuu ya mtu aliyetua mzigo. Nilimshukuru. Nani asingemshukuru? Mtoto anayehangaika kumsafishia baba yake njia ni mtoto mwema, na mimi nilimwonea wivu yule mzee kidogo.

Alirudi tena baada ya muda, safari hii ametumwa. Mama yake alikuwa ndani ya eda, hatoki nyumbani mpaka muda wake utimie, na alikuwa ameshaamua kwamba siku akitoka eda, safari yake ya kwanza ni Kariakoo, kwenda kuyasikia maoni. Lakini mwanawe alikuwa amesikia pale kafe kwamba tovuti inahama. Akamwambia mama, na mama akaingiwa na hofu, akamtuma. Aliomba mambo mawili. Kama inawezekana, tusihame mpaka atoke eda. Kama haiwezekani, basi tumchapie kwenye karatasi maneno ya mumewe yote, na mtu aje amsomee chumbani.

La kwanza sikuwa na uwezo nalo. La pili nilicheka kwa furaha, nikamwambia mbona jepesi, kaa hapa. Nikawasha printa, nikafungua kitabu cha kwanza, ukurasa ninaoujua, wenye yale ya kifumbu, kile kijifuko cha ukindu cha kukamulia tui.

Chini ya ukurasa palikuwa pameandikwa kwamba maoni haya yameondolewa na mwandishi wake.

Nikafungua ukurasa mwingine. Hivyo hivyo. Nikafungua kitabu kingine, na kingine. Majibu ya wasomaji yalikuwepo, shukrani zao, vicheko vyao, maswali yao, na katikati, pale alipokuwa Mwalimu, kila mahali mstari ule ule. Yule mtoto wa Mwalimu alisimama nyuma ya kiti changu akisoma pamoja nami. Nilitamani nizime kioo. Alielewa kabla sijageuka.

"Dada," alisema, "ina maana mimi ndiye nimeyafuta?"

Nilimwambia hapana, mashine ndiyo imefanya. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Tovuti ile ilikuwa na kanuni kwamba anayefunga akaunti anaondoka na maneno yake, na kanuni hiyo iliandikwa na watu wasiojua kwamba kuna mahali mtu akifa watoto hurudisha vitu vyake vya kuazima, wakiihesabu na akaunti humo humo. Yule bwana alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Nilimletea maji na hakuyanywa.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuandika barua pepe. Niliwauliza wale wa Ulaya kama maoni ya akaunti iliyofungwa yanaweza kurudishwa. Aliyenijibu alikuwa mpole kupita kiasi. Alisema ndiyo, maneno bado yapo kwenye mashine zao mpaka siku ya kuzima, na yanaweza kurudishwa, mradi mwenye akaunti aombe mwenyewe. Nikamwandikia kwamba mwenye akaunti amefariki dunia. Akanipa pole, akasema amesikitika sana, kisha akaniomba nimwambie mwenye akaunti athibitishe ombi lake.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikapiga meza mpaka wauza mapazia wa chini wakapandisha mtu kuuliza kuna nini.

Nikaandika tena. Nikaeleza habari ya eda, habari ya mama watoto, habari ya amana. Kwa Kiingereza changu cha shule maelezo yale yalionekana ya kitoto, hata mimi mwenyewe niliyaonea aibu. Akajibu mwingine, maana yule wa kwanza alikuwa amehamishiwa idara nyingine kwa sababu ya ile ile kuuzwa kwao. Huyu hakujua lolote na alitaka tuanze upya. Nadhani naye alikuwa anaogopa kazi yake. Nilitaka kumchukia na sikuweza vizuri.

Bosi naye alijaribu. Alipiga simu Ulaya akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, akaongea Kiingereza, akachanganya Kigujarati, mwisho akamaliza kwa Kiswahili cha Kariakoo ambacho nashukuru hawakukielewa. Aliahidi kwamba yakipatikana atayachapa mwenyewe kuwa kitabu, kwa jalada gumu, ampe yule mama bure. Kisha akaweka simu chini, akaniambia, "Dada, hawa watu hawana hata mtu wa kumgombeza." Huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe. Ukigombana na mtu wa Kariakoo unamwona, mnashikana mashati, mnasuluhishwa. Sisi tulikuwa tunagombana na foleni ya barua pepe.

Niliwauliza wakutubi wote niliowajua kama kuna aliyewahi kuyanakili. Mmoja tu aliwahi, mama wa chuo kimoja. Alikuwa akiyapenda sana yale ya Mwalimu, anayaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni ili wanafunzi wayasome. Kila Jumatatu alifuta akaandika mapya.

Siku ya kuzima ilifika kama siku nyingine. Nilikuwa nimeshachapa kile kilichokuwepo, majibu ya wasomaji, karatasi kadhaa. Asubuhi ile tovuti ya zamani ilifunguka, adhuhuri haikufunguka tena. Jukwaa jipya lilikuwa safi na jeupe, vitabu vyote vimepangwa kwa mstari, hata yule sungura alikuwa amepona. Wachapishaji walikuja kutupongeza na mmoja alileta kashata. Chini ya kurasa hapakuwa na nafasi ya maoni kabisa. Niliwauliza wale wa Ulaya, wakasema wateja wao wengi waliona maoni yanaleta fujo. Nilikula kashata yangu huku machozi yananilenga, nikasingizia kwamba ina tangawizi nyingi.

Mtoto wa Mwalimu alikuja kunichukua kunipeleka kwa mama yake. Njiani, tulipokaribia Magomeni, alisimama.

"Dada, nakuomba kitu. Usimwambie ni mimi. Mwambie wazungu wamehama."

Nikamkubalia. Ningefanya nini? Alikuwa amekonda.

Mama watoto alikuwa chumbani, ameketi mkekani na nguo zake nyeupe za eda, hana manukato, hana hata hina kuchani. Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia mto niegemee. Mwanawe alibaki ukumbini, nyuma ya pazia, namsikia anavyopumua. Nikamweleza kwamba wakati wa kuhama maneno ya Mwalimu hayakuvuka, kilichobaki ni maneno ya watu waliomjibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wamehama wakaacha vitu?" aliuliza.

"Ndiyo mama."

"Haya. Soma hivyo vilivyopo."

Nikasoma cha kwanza. Mtu alikuwa ameandika: asante sana Mwalimu, miaka yote nilidhani kifumbu ni aina ya samaki. Mama watoto alicheka kwa sauti, akajifunika mdomo kwa mtandio. Alimkumbuka huyo. Alisema siku ile Mwalimu alirudi nyumbani hata kofia hajavua, anamwita kutoka uani kumweleza habari za samaki kifumbu. Nikapumua kidogo. Nikafikiri pengine itawezekana, pengine kila jibu litamrudishia alichosema mumewe.

Nikasoma cha pili, cha mtu wa Songea: Mwalimu, mwambie mama watoto kwamba alivyosema ni kweli kabisa, hata huku kwetu bibi yangu alisema maneno hayo hayo kuhusu kisamvu.

Akasubiri. "Nilisema nini?"

Nikamwambia ni pale kwenye hadithi ya msichana anayepika kisamvu cha nazi.

"Kisamvu nakijua, mwanangu. Nakuuliza nilisema nini mimi."

Niliyasoma maneno yale wakati wake, niliyacheka hata, na sasa nilikuwa na kicheko tu, maneno hayapo. Nilimwambia nakumbuka kwamba yalikuwa mazuri. Alinitazama kwa huruma, yeye mfiwa, mimi niliyekuja kumfariji, nikaona bora ardhi inimeze. Nyuma ya pazia pumzi ilibadilika.

Tuliendelea hivyo. Asante Mwalimu. Asante Mwalimu, nimewasomea wanafunzi wangu. Mwalimu umetuvunja mbavu. Mpe salamu mama watoto. Kila salamu aliiitikia taratibu, kama mtu anayesalimiwa njiani na wapita njia asiowaona. Yale aliyoyakumbuka yalikuwa machache, na kila asilolikumbuka aliniomba nilisome tena, labda litakuja. Halikuja.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya msomaji aliyejiita kwa jina la utani, sijui alikuwa wapi. Aliandika wakati Mwalimu ameshazikwa na habari haijamfikia. Alisema: Mwalimu, mbona kimya siku hizi? Hapa bibi harusi anatiwa singo, nami sijui singo ni nini. Muulize mama watoto.

Mama watoto alijinyoosha. Kwa mara ya kwanza tangu nifike alikaa kama mwenye nyumba.

"Mwambie singo ni ya kumsugulia bibi harusi mwili," alisema. "Mawaridi makavu, karafuu, liwa, unasaga pamoja, unaloweka na marashi ya mawaridi, si maji ya kisima. Unampaka, unamsugua mpaka taka zinatoka zenyewe, na anayemsugua awe mtu anayempenda, maana mkono una siri. Mimi nilisingwa na shangazi yangu. Mwalimu mwenyewe alisema alisikia harufu kabla hajaniona." Akarekebisha mtandio. "Hilo la mwisho usiliandike. Umeandika hayo mengine?"

Nilikuwa nimeandika nyuma ya karatasi.

"Basi mpelekee."

Nikamweleza. Mahali alipouliza huyo mtu pamezimwa. Mahali papya hapana nafasi ya kujibia. Jina lake halisi silijui, anwani yake sina, na wale walio nazo hawatanipa. Nilieleza kwa kirefu, nikitumia maneno niliyoyatumia kwa wachapishaji, na kila nilivyoeleza niliona yanavyozidi kuwa ya kipuuzi.

"Hata kama jibu lipo?" aliuliza. "Hata kama tunalo hapa?"

"Hata hivyo mama."

Alizitazama zile karatasi zenye herufi asizozijua.

"Basi atadhani tumemnyamazia," alisema.